Kovu la tupa kwenye dhahabu ya Katanga

Muzee alitoa sarafu kwenye mfuko wa shati, si wa suruali. Alikuwa ameifunga ndani ya karatasi ya pakiti ya sigara, ile yenye kung'aa upande mmoja. Akaifungua juu ya meza yangu, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Fundi, niangalilie kama hii iko zahabu. Haiko ya kuuzisha. Nataka tu nijue."

Nikafanya kama nilivyofundishwa Bukavu. Nikaibana kwa koleo, nikapitisha tupa mara mbili kwenye ukingo, nikadondosha asidi pale nilipochuna. Tulisubiri. Haikutoa povu, haikugeuka kijani. Nikainua uso kwa furaha, maana habari njema hufurahisha hata anayeitoa: "Papa, iko zahabu kabisa!"

Muzee hakuangalia asidi. Aliangalia ukingo. Akauliza polepole, "Sasa hii alama itatoka?"

Haikutoka. Dhahabu iliyoondolewa na tupa hairudi kwa kusuguliwa, na ukijaribu kuisugua unaondoa nyingine. Nilimwambia ni kidogo sana, haionekani. Alikuwa na adabu, hakunijibu. Alifunga karatasi yake, akaniuliza deni lake ni ngapi, nikasema hakuna, akaniachia hela kidogo mezani hata hivyo, akaenda zake upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nilibaki na ule uchungu wa chuma cha tupa mdomoni, kama mtu aliyeuma msumari.

Nisimlaumu aliyenifundisha. Mjomba wangu alikuwa ananunua dhahabu Bukavu, dhahabu inayoshuka kutoka Kamituga na Shabunda ndani ya kizibo cha kalamu, ndani ya kipande cha mfuko wa plastiki kilichofungwa kwa moto, mara nyingine ndani ya ganda la dawa. Kule dhahabu haina uso. Inakuja kama vumbi, au kama punje zilizojikunja, imechanganyika na mchanga mweusi unaorukia sumaku. Unapitisha sumaku chini ya karatasi, unatoa ule mchanga, unachoma ili zebaki iliyobaki itoke kwa moshi (na unageuza uso, ingawa mjomba hakugeuza, na mikono yake ilianza kutetemeka mapema), unaweka boraksi, unayeyusha. Ikipoa inakuwa kitufe. Kitufe unakichuna, unakitia asidi, unakipima kwa tola, gramu 11.66. Hakuna anayeuliza kitufe kilikuwa na sura gani jana. Kukikata ni heshima kwake, maana ndiyo namna ya kuonyesha kwamba ndani ni sawa na nje.

Nilishuka Lubumbashi na desturi hiyo mkononi, mwaka 2011, kutengeneza pete za ndoa na kuunga cheni zilizokatika. Lubumbashi dhahabu ni mgeni. Mwenyeji ni shaba. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na watu wazima wa hapa bado wanaweza kukwambia walizaliwa Shaba bila kutania. Kwa hiyo mji umejaa vitu vyekundu, vya njano, vya rangi ya asali: vali, koki, vipande vya mashine, sarafu za Wabelgiji, vifungo vya makoti. Kila nyumba ina kimoja ambacho babu alisema ni dhahabu. Mtu anafariki, wanafungua sanduku, na siku ya pili baada ya matanga wapo mbele ya meza yangu.

Rangi haisaidii kitu. Nilichelewa kukubali hilo kwa sababu mjomba alikuwa anaijua dhahabu kwa jicho, lakini jicho lake lilikuwa la dhahabu ghafi. Dhahabu iliyochanganywa na shaba inakuwa nyekundu, iliyochanganywa na fedha inapauka hadi kijanikijani, na shaba njano iliyosuguliwa kwa ndimu na majivu asubuhi inang'aa kuliko pete ya karati 18.

Aliyeninyoosha ni mwalimu mmoja mstaafu anayekusanya sarafu. Alikuja kuungiwa miwani, akanisikia nikimsimulia jirani habari ya yule muzee. Akauliza, "Ilikuwa na mkungu wa ndizi?" Nikasema ndiyo. "Na msalaba upande wa pili?" Ndiyo. Akashika kichwa.

Ilikuwa faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961. Katanga, jimbo hilohilo lililoitwa Shaba baadaye, ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe akiwa kiongozi, na mpaka mambo yalipokwisha Januari 1963 nchi hiyo ilikuwa imeshakuwa na bendera, noti na sarafu zake. Ule msalaba ni croisette, msalaba wa shaba ambao wafua shaba wa huku walikuwa wakiuyeyusha na kuumimina karne nyingi kabla ya Wazungu, watu wakatumia kununulia na kutolea mahari. Sarafu ndogo zilikuwa mbili, faranga 1 na faranga 5, za bronzi. Ila faranga 5 ilipigwa pia kwa dhahabu, kama 20,000 hivi, kwa muhuri uleule: ndizi zilezile, msalaba uleule, mwaka uleule. Ukiziweka kwenye picha mbili za simu na mwanga mbaya, huwezi kuapa ipi ni ipi.

Mkononi lakini hata mtoto anajua. Mwalimu alileta ya bronzi kutoka kwake, akaiweka kwenye mizani yangu: gramu 6 na nusu. Ya dhahabu ni gramu 13.33. Upana karibu sawa, unene karibu sawa, uzito mara mbili. Yule muzee aliponipa sarafu yake kiganja changu kilishuka kidogo, nakumbuka kabisa. Mwili wangu ulijua kabla sijagusa tupa, nami sikuusikiliza.

Hapo ndipo alinionyesha maji. Nilikuwa nimesikia habari za Archimedes shuleni, kama kila mtu, nikadhani ni hadithi ya beseni na mtu aliyetoka uchi. Kumbe ni kazi ya dakika mbili. Unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unairudisha mizani kwenye sifuri. Unafunga sarafu kwa uzi mwembamba, unaizamisha ining'inie katikati ya maji, isiguse chini wala pembeni. Mizani itapanda kidogo. Kile kiasi ilichopanda ndicho uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Chukua uzito wa sarafu ikiwa kavu, gawanya kwa hicho. Basi.

Dhahabu safi inakupa 19.3. Shaba nyekundu inakupa karibu 9. Risasi, ambayo watu wanaifunika dhahabu juu ili iwe nzito, ni 11.3 tu. Faranga 5 ya dhahabu ina dhahabu sehemu 900 kwa 1000, iliyobaki ni shaba, na inasukuma maji gramu 0.77, gawanya 13.33 kwa 0.77 unapata 17 na kitu. Ile ya bronzi inasukuma maji karibu kiasi hichohicho, kwa kuwa umbo ni moja, lakini jibu linakuja chini ya 9. Hakuna aliyeumizwa, hakuna alama. Unaikausha kwa kuigusisha kitambaa laini, bila kusugua, unamrudishia mwenyewe.

Kuna chuma kimoja kinachokaribia dhahabu kwa uzito, tangsteni, 19.25, na walaghai wanakitumia ndani ya vipande vikubwa vya kuuza kwa kilo. Ndani ya sarafu ndogo yenye sura nzuri ni shida kukipata, maana ni kigumu kupiga muhuri. Hofu hiyo nawaachia wakubwa wanaonunua kwa mabegi.

Mwalimu alinifundisha pia kile ambacho kwangu kilikuwa kigumu kuliko hesabu: kwamba kuna watu wanaolipia uso. Gramu 13.33 zenye sehemu 900 zina gramu 12 za dhahabu safi. Hiyo ndiyo sakafu, sarafu haishuki chini ya hapo hata ipondwe kwa nyundo. Juu ya sakafu kuna kile anachoongeza mkusanyaji, awe Brussels au Kinshasa, kwa sababu ni Katanga, ni 1961, na haijaguswa. Kuna makampuni Marekani yanayokagua sarafu na kuzifungia ndani ya kibweta cha plastiki, yakizipa alama kutoka 1 hadi 70. Sarafu iliyochunwa na tupa haipewi namba. Inaandikiwa kasoro yake tu. Mimi kwa mipigo miwili nilikuwa nimemvua muzee kile cha juu, nikamwachia sakafu.

Na si tupa peke yake. Wanawake wetu wanaunganisha sikio kwenye sarafu ili waivae shingoni; palipopita moto wa kuungia mkusanyaji hataki tena. Wengine wanatoboa. Wengi zaidi wanaosha. Nimeletewa faranga 50 ya Kongo ya Wabelgiji, ya 1944, yenye tembo, ambayo ni nusu fedha, imesuguliwa kwa majivu hadi tembo amebaki kama kivuli cha mbuzi. Mwenyewe anajisifu: "Nimeisafisha vizuri, fundi." Unasema nini? Unasema asante mama.

Baada ya hapo nilibadilisha mpangilio wa meza. Mizani ilikuja mbele, kikombe na uzi pembeni, lupe, kile kioo cha kukuzia, shingoni, sumaku kwenye droo. Jiwe jeusi la kujaribia na chupa za asidi nilizipeleka chini kabisa, za cheni na pete zilizokatika, ambazo zitayeyushwa hata hivyo. Kwa pete jiwe ni rafiki: unasugua mstari juu yake, unasugua pembeni sindano yenye ncha ya dhahabu ya karati unayoijua, unapitisha asidi juu ya mistari yote miwili, unaangalia upi unafifia kwanza. Na kabla ya jiwe unasoma muhuri. 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Ukiona herufi GP, yaani gold plated, hiyo ni ngozi ya dhahabu tu. Watu wanaona 18K na kuruka, hawasomi GP iliyosimama pembeni yake kama mtoto aliyejificha nyuma ya mama.

Kisha akaja mama wa dubu.

Alikuwa mama mtu mzima, kitambaa kichwani, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliifungua Biblia katikati ya Zaburi, akatoa kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, kimebandikwa kwa selotepu kwenye karatasi. Mumewe alipewa na mmisionari Mmarekani wa Kimetodisti, zamani, wakati wakijenga nyumba ya kanisa. Mmisionari alisema ni dhahabu ya California. Mumewe alifariki akiamini kwamba akiba ya mjane wake imo humo.

"Usikate," akaniambia kabla sijasema kitu. Habari zangu zilikuwa zimetangulia.

Nikapima: gramu 0.31. Nikaizamisha kwenye maji kwa uzi wa nailoni, mizani ikaonyesha 0.03, kisha 0.02, kisha 0.03. Hapo hesabu ya maji inakufa. Ukigawanya 0.31 kwa 0.03 unapata 10. Ukigawanya kwa 0.02 unapata 15 na nusu. Mizani yangu inasoma sehemu ya mia ya gramu, na sehemu moja hiyo inatosha kugeuza shaba kuwa dhahabu. Kwa kitu kidogo hivyo maji hayakwambii ukweli, yanakwambia unachotaka.

Ikabaki lupe. Upande mmoja kichwa cha mwanamke na nyota. Upande wa pili dubu anatembea, na juu yake 1/2. Nikamwomba mama akae, nikampigia mwalimu.

Dhahabu ilionekana California mwaka 1848, watu wakafurika, na chenji ikakosekana: mtu ana vumbi la dhahabu mfukoni, anataka kununua mkate, nani atampimia? Masonara wa San Francisco wakaanza kupiga visarafu vya robo dola, nusu dola na dola moja, vya mviringo na vya pembe nane, kuanzia 1852. Sheria ya 1864 ilikataza watu binafsi kutengeneza pesa, lakini waliendelea kuvipiga, tarehe zikafika 1882. Hivyo vya kweli ni vidogo sana na dhahabu yake ni kidogo, ila mkusanyaji analipa mara nyingi zaidi ya dhahabu iliyomo. Baadaye vikaja vya ukumbusho, vya kuuzia wageni, kwa miaka mingi. Vingine vina dhahabu hafifu, vingi ni shaba njano iliyopakwa. Na dubu, mwalimu akasema kwenye simu, dubu ndiye anayewasaliti. Vya ukumbusho vinapenda dubu. Vya kweli kwa kawaida vinataja dola, kwa neno zima au kwa kifupi.

"Neno dola lipo?"

Nikazungusha kwenye mwanga. Halipo. Na kwenye shavu la mwanamke na mgongo wa dubu, mahali palipoinuka, ule ung'avu ulikuwa umekwisha, chini yake panaonekana rangi nyingine, nyekundu kidogo kama goti la mtoto aliyeanguka.

Mama alikuwa ananiangalia mdomo, si mikono. Nilimweleza kwamba ni kumbukumbu ya California, si pesa ya California. Nikamwambia pia, kwa sababu niliona bora ajue yote, kwamba hata ingekuwa dhahabu tupu haifiki theluthi moja ya gramu. Nyumba haijengwi nayo. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mmisionari alitudanganya?"

Sikufikiri hivyo, na bado sifikiri. Huenda naye alikinunua kwa roho safi mahali wageni wanauziwa, au alipewa na mama yake. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo: "Basi dubu akae na Daudi," akakirudisha kwenye Zaburi.

Si wote wanaondoka hivyo. Kijana mmoja kambiste, wale wanaokaa barabarani na mabunda ya faranga, alinunua pauni ya dhahabu kwa mtu aliyekuwa na haraka. Kichwa cha Malkia Victoria, nyuma mpanda farasi. Aliitupa mezani kwa kujiamini, na mlio wake tu ulinitia shaka, mkavu kama kizibo cha bia. Pauni ya Uingereza ina gramu 7.98. Hii haikufika 4. Kwenye maji ikatoa 8 na nusu, shaba njano tupu. Juu ya mpanda farasi kulikuwa na maneno To Hanover na mwaka 1837. Victoria alipopata kiti cha Uingereza mwaka huo, Hanover haikumkubali mwanamke, ikamchukua baba yake mdogo, yule Duke wa Cumberland ambaye Waingereza wengi hawakumpenda. Wakapiga jetoni, visarafu visivyo pesa, za kumfukuza kwa kejeli, aende huko Hanover. Baadaye zikawa za kuhesabia kwenye karata, zikapigwa kwa miongo, na mwaka ukabaki uleule. Wakusanyaji wanazo, lakini ni za bei ndogo maana ni nyingi.

Kijana alitaka nimwandikie karatasi kwamba ni dhahabu ili amuuzie mwingine. Nilikataa. Akaniita mchawi, na wiki mbili hakunibadilishia pesa.

Yule muzee nilimtafuta. Nilitaka kumlipa ile tofauti, au angalau kumwambia kwamba nilikosea. Niliambiwa anakaa mtaa wa Kamalondo, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, lakini sikuwa na jina lake na mwaka ukapita, ukapita mwingine.

Mwezi wa saba uliopita mwanamke alikaa kwenye benchi langu na karatasi ya sigara mkononi. Niliijua karatasi kabla ya kujua kilichomo. Akasema papa yao amewatoka, matanga yamekwisha, ndugu wanataka kugawana, na kila mmoja anasema lake kuhusu hii sarafu.

Niliiweka kwenye mizani. 13.31. Nikaizamisha, nikamwonyesha namba, nikamwandikia kwenye daftari uzito wa dhahabu safi na namna ya kuzidisha kwa bei ya siku, ili asinitegemee mimi. Nikamwambia wasiioshe na wasiitoboe. Nikamwambia kuna wanaonunua sarafu kama hizi kwa zaidi ya dhahabu yake, ila hii watapunguza.

"Kwa nini hii watapunguza?"

Nikampa lupe, nikamgeuzia ukingo. Aliangalia muda mrefu, jicho moja limefungwa.

"Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, mama."

Alishusha lupe. Aliniangalia, akaangalia tupa iliyoning'inia ukutani nyuma yangu, kisha akaanza kukunja karatasi, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kama baba yake.